Kiraka cha Muvure wa Nsengimana

Ndizi zilikuwa zimeshafukiwa shimoni zipate kuiva, na ndizi zikishafukiwa hazimsubiri mtu. Kwenye mlima ule ulio juu ya Mweso kila mmoja alilijua hilo, na Thacienne alilijua kuliko wote, maana binti yake Gisubizo alikuwa anaolewa Jumamosi na wakwe walikuwa wanashuka kutoka Kirolirwe na ng'ombe wao. Watu wa ng'ombe huleta ng'ombe, na watu wa migomba huwapokea kwa kasiksi, pombe ya ndizi. Ukiwapokea wakwe kwa soda za chupa watakunywa, watashukuru, na wakifika kwao watasema walikwenda kuoa dukani.

Ndizi zilikuwepo, mtama ulikuwepo, na mkamuaji alikuwepo. Kilichokosekana ni muvure mzima wa kukamulia.

Muvure ni gogo moja kubwa lililochongwa tumbo, refu kama mtumbwi. Humo ndizi mbivu hukandwa kwa nyasi ngumu hadi zitoe maji, na maji hayo huachwa humo humo pamoja na mtama uliokaangwa mpaka yaanze kuchemka bila moto. Muvure wa Thacienne ulichongwa na mumewe, Nsengimana, kabla hawajapata mtoto, na nusu ya harusi za mlima ule zilinywewa kutoka tumboni mwake. Vita ilipokuja, Nsengimana aliufukia kifudifudi katikati ya migomba, kwa sababu gogo kavu la ukubwa ule, machoni pa askari mwenye njaa, ni kuni tu. Akakimbia na familia hadi kambini upande wa Sake, na huko homa ikamchukua. Thacienne aliporudi aliufukua mwenyewe kwa jembe. Ulitoka mzima, ukapigwa na jua, ukapasuka chini, ufa wa kuingiza kidole kutoka kichwani hadi karibu na mkia.

Tangu hapo aliuziba kwa udongo, na kila mara ukampotezea nusu ya pombe. Majirani walimwambia anunue mabeseni ya plastiki kama watu wengine. Hakutaka kusikia habari ya mabeseni, na hapa lazima niseme wazi alichokuwa anakitaka, maana si ukaidi tu. Siku ile Gisubizo angetolewa bila baba. Thacienne alitaka angalau kazi ya mikono ya huyo baba iwepo uwanjani, na wageni waione.

Na ilionekana kweli. Nsengimana alikuwa mashoto. Tezo aliishika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo alama zake ubavuni mwa muvure zililala upande wa kinyume na alama za muvure mwingine wowote kule Masisi. Mtu asiyejua angeona mbao imeparuzwa tu. Thacienne alizijua kwa vidole, na siku nyingine alipopita karibu alizigusa kama mtu anayegusa bega la mwenzake.

Ndiyo sababu alimwita Rukara. Rukara alikuwa mdogo wake Nsengimana, na kazi yake ilikuwa kutengeneza mashua za ziwani kule Goma kwa nyuzi za kioo. Alifika juu ya pikipiki, amefungasha mabunda mawili, kopo la rezini, gundi yake nzito ya maji, na chupa ndogo ya dawa ya kuigandisha. Kabla hajanywa maji aliinama chini ya muvure, akaingiza kidole kwenye ufa, akatikisa kichwa kama daktari anayejua malipo yake yapo.

"Shemeji, huyu mugonjwa atapona," alisema. "Lakini mu ndani pia lazima nipige musasa. Rezini haishike ku mbao yenye iko na uchafu."

"Ile haiko uchafu," Thacienne alijibu. "Ile njo inaivisha kasiksi. Tangu kaka yako achonge, sabuni haijaingia mule hata siku moja."

Rukara alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. Kwenye mlima ule muvure husuuzwa kwa maji na kufutwa kwa jani la mgomba, basi. Kilichojificha kwenye mbao ndicho kinachoamsha maji ya ndizi, na mtu anayekipangusa atakunywa uji mtamu siku ya harusi. Wakakubaliana kwamba ndani hapaguswi. Rezini itakwenda nje tu, chini na ubavuni, na ufa kwa ndani utazibwa na Sebarenzi kwa namna yake.

Sebarenzi alikuwa jirani na mkamuaji wa mlima. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu alisifiwa miaka yote na kasiksi yake haikupungua ukali. Alikuwa ameketi pembeni anachambua nyasi za kukandia.

Rukara akakunjua mabunda yake juu ya mkeka. La kwanza aliliita mati. Lilikuwa zito na jeupe, nyuzi fupifupi zimelala ovyo kila upande kama majani makavu yaliyomwagwa sakafuni, zikashikwa pamoja na gundi. La pili lilikuwa kitambaa kabisa, nyuzi zimefumwa juu na chini, chembamba, kinang'aa. Gisubizo aliyekuwa anamenya viazi aliacha, akaja kukigusa.

"Hii inafaa kushona nguo ya arusi," alisema.

"Ukivaa ile utajikuna mpaka mbele ya padiri," Rukara alimwambia. Akamgeukia mama yake. "Mati inanyonya rezini mingi, inakuwa nene, inakuwa nguvu. Ikilowa inalegea, inaingia mu kila shimo. Mubaya yake ni moja, haionyeshe kitu. Inakuwa nyeupe sawa maziwa yenye imemwangika. Kitambaa inakunywa rezini kidogo, na ikikauka inakuwa sawa kioo ya dirisha. Unaona mbao yote mu chini."

"Na alama za Nsengimana?"

"Ku kitambaa utaziona. Ku mati, hapana."

"Basi weka kitambaa."

Rukara alikuna shingo. Alisema kitambaa kinapenda mahali laini. Juu ya mbao yenye mabonde ya tezo kitapita kama daraja, hakitashuka, na chini ya daraja itabaki hewa. Alisema mashua aliyoitengeneza hivyo, kwa sababu mwenye mashua alitaka jina lake lisomeke chini ya kioo, ilirudi kwake na malengelenge. Alisema yote hayo kwa upole, maana alikuwa anazungumza na mke wa kaka yake, na mwishoni akaongeza kwamba muvure ni wake.

"Njo nasema kitambaa," alisema Thacienne. "Wewe unasema juu ya mashua. Hii inakaa chini, haiendi fasi."

Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini hapo mkuu alikuwa nani? Rukara ni mdogo kwa umri, na shemeji akishasema, mdogo wa mume hana la kuongeza. Alipinga mara moja, kisha akafanya kazi nzuri kwa kitu kibaya. Mafundi wengi wameingia hasara kwa adabu kama hiyo.

Waliubeba muvure hadi chini ya paa la banda la mbuzi kwa sababu ya mvua, wakaupindua. Rukara aliupitishia msasa kidogo tu nje, akachanganya rezini na dawa yake kwenye kopo la maziwa ya unga, akatandika kitambaa, akakilowesha kwa burashi. Harufu ilitoka kali hadi mbuzi wakahama wenyewe. Na kadiri kitambaa kilivyolowa ndivyo kilivyopotea machoni, mpaka ikabaki mbao peke yake, yenye rangi ya asali, na alama zote za tezo zikiwa zimeinama kushoto, wazi kuliko siku zilipochongwa.

Thacienne alisimama akizitazama hadi chakula kikapoa. Alifurahi, na hakuficha. Alimwita Gisubizo. "Angalia kazi ya baba yako."

Gisubizo aliangalia. Baba yake alikufa yeye akiwa mdogo, na alichokumbuka ni kikohozi na koti. Alisema ni nzuri, akarudi kwenye viazi, na kisu kikiwa mkono wa kushoto.

"Mukono," mama yake alimwambia.

Gisubizo akakihamishia kisu kulia, akaanza kumenya polepole na vibaya. Neno hilo alilisikia tangu alipoanza kushika kijiko. Mwalimu alilisema kwa fimbo, na mama yake alilisema kwa mdomo. Sasa alikuwa analisikia mara nyingi zaidi, kwa sababu mama mkwe wake, Murekatete, alikuwa mtu wa desturi, na mbele ya watu wa ng'ombe kumpa mtu kikombe kwa kushoto ni kama kumtupia. Siku ya harusi bibi harusi ndiye anayewapokea wakwe kwa kikombe cha kwanza. Thacienne hakutaka kuaibika kwa kitu kidogo hivyo.

Kesho yake rezini ikawa imekauka. Walijaza maji kidogo, hayakutoka, wakaona ufa wa ndani hauna haja ya kuzibwa. Hata Rukara alianza kuamini kwamba safari hii amekosea. Shimo likafunuliwa, ndizi zikatoka njano na laini, wakaanza kumenya. Sebarenzi alivua viatu, akaosha mikono hadi kwenye viwiko, akaingiza nyasi, akaanza kukanda na vijana wawili wa mlimani. Kukanda si kazi ya kubembeleza. Mtu huegemea kwa uzito wake wote, na muvure hujibu chini kwa kulia.

Walikuwa wamefika nusu ya ndizi, maji yameanza kukusanyika matamu na mazito, Gisubizo aliposema kwamba muvure una tumbo.

Walitazama. Pale ubavuni, karibu na chini, kitambaa kilikuwa kimevimba kama lengelenge la mtu aliyeungua. Maji ya ndizi yalikuwa yamepita kwenye ufa, yakakuta zile nafasi za hewa juu ya mabonde ya tezo, yakaingia humo, yakapanda kutoka bonde hadi bonde. Sebarenzi aliegemea mara moja zaidi kabla hajaambiwa aache. Lengelenge likapasuka, na maji ya harusi yakamwagikia kwenye vumbi na samadi ya mbuzi.

"Muleke," alisema Sebarenzi, akiwaachisha vijana kukanda. "Muleke, tuokoe yenye imebaki."

Wakaokoa. Na wakayaokolea kwenye nini? Mabeseni ya plastiki, yaliyoazimwa mbio kwa majirani wale wale. Thacienne alibeba beseni la kwanza mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumtania. Maji yakahamishiwa kwenye madumu, yakafunikwa. Ndizi zilizobaki zilirudishwa chini ya majani. Sebarenzi alizibonyeza kwa kidole gumba, akasema zinaweza kungoja mpaka kesho, si zaidi.

Rukara hakusema kwamba alisema. Alikaa juu ya kibao, akakata ukingo wa kitambaa kwa kisu, akavuta. Kilitoka kwa urahisi mno. Penye vilima vya mbao kilikuwa kimeshika, penye mabonde hakikuwahi kugusa.

"Shemeji," alisema, "nikiweka mati leo, mbele ya jioni inakuwa ngumu. Juu ya makaa ya mbabula mbao itakauka. Lakini hautaona tena kitu."

Thacienne aliutazama muvure. Aliona mambo mawili, na hakuna la tatu. Angeweza kuusimamisha uwanjani kama ulivyo, na alama zake, mtupu, watu wautazame huku wakinywa kutoka kwenye mabeseni. Au ungefanya kazi uliyochongewa, na yule aliyeuchonga asionekane. Moyo ulimuuma, tena ulimuuma hasa kwa sababu jibu lilikuwa rahisi. Nsengimana hakuwa mtu wa kutundika kazi ukutani. Angekuwepo angeshachukua burashi.

"Weka mati," alisema. "Alichonga tukamue."

Wakawasha mbabula mbili, wakaziweka chini ya gogo mbali kidogo mbao isiungue, wakaacha joto lifanye kazi. Mbao ilipokauka Rukara akagawa msasa. Rezini iliyobaki ilipaswa kutolewa, na mbao ikwaruzwe upya.

"Hatutoi alama?" Gisubizo aliuliza.

"Hapana. Ku mati, alama njo inasaidia. Itaingia mule mu mashimo, ishikilie. Kama mbao ilikuwa laini, ingekuwa na kazi ya kushika."

Thacienne alipewa kipande chake cha msasa akakaa nacho mkononi. Kuzifunika alikuwa amekubali. Kuzikwaruza kwa mkono wake alishindwa. Akawa anatazama wengine. Rukara alisugua ubavu wa kule, mkono wake wa kulia ukikatiza alama, akiruka kutoka kilima hadi kilima, akilaani kidogo. Gisubizo alikuwa ubavu wa huku. Alianza kwa kulia kama alivyofundishwa, msasa ukamteleza. Akautazama mlango wa nyumba, akafikiri mama yake ameingia ndani, akauhamishia kushoto.

Mkono ukaingia kwenye alama. Haukukatiza wala haukuruka. Ulishuka ndani ya kila bonde kwa mwelekeo wake, ukatoka, ukaingia la pili, kama mguu unavyoingia kwenye kiatu chake. Bega lilikuwa limeinuka kidogo na kichwa kimeegemea kulia ili kupisha kiwiko. Nsengimana alikuwa anasimama hivyo hivyo. Thacienne alikuwa amekaa mbele ya mwanamume aliyesimama hivyo mwezi mzima, akiwa na ujauzito wa huyu huyu, akimletea maji, na katika miaka yote ya kusema "mukono" hakuwahi kumwona mumewe ndani ya binti.

Gisubizo akageuka, akamkuta mama yake nyuma yake. Msasa ukarudi kulia haraka.

"Endelea," alisema Thacienne.

"Na mukono gani?"

"Na ule."

Akapiga magoti kando ya binti yake, akaanza kusugua naye.

Mati ilikwenda kama Rukara alivyoahidi. Ilikunywa rezini hadi kopo likabaki na vitone, ikalegea, ikashuka kwenye kila bonde huku Rukara akiibonyeza kwa burashi na kufukuza hewa. Kisha ikawa nyeupe, na muvure ukafanana na mashua iliyopotea njia ikapanda mlima. Ilipokauka Sebarenzi akayeyusha nta ya nyuki, akaimimina kwenye ufa kwa ndani. Rukara alikuwa amemzuia asiiguse mapema, kwa sababu rezini na nta hazipatani, moja ikitangulia vibaya nyingine haishiki. Wakamaliza ndizi zao kesho yake asubuhi. Sebarenzi aliegemea kwa nguvu zote, akatazama chini, akaegemea tena. Hakikutoka kitu.

Walimimina na yale ya kwenye madumu, wakatia mtama, wakafunika kwa majani ya mgomba. Thacienne aliogopa bado, hadi alipokwenda kusikiliza na kukuta muvure unanong'ona, mapovu yakipanda chini ya majani. Kilichokaa kwenye mbao hakikuwa kimekufa.

Jumamosi wakwe walifika na ng'ombe wao, wanaume wameshika fimbo, wanawake nyuma. Murekatete aliketi mbele, shingo wima, macho yakihesabu kila kitu. Aliutazama muvure. "Huu muti ya rangi ya maziwa muliutoa wapi?" aliuliza.

"Ni ya hapa," alisema Thacienne. "Ilipata koti."

Wakacheka. Hakuna aliyeuliza nani aliuchonga, na hakukuwa na kitu cha kuwafanya waulize. Thacienne alikuwa amejiandaa kwa hilo.

Gisubizo akapiga magoti kando ya muvure, na kikombe. Alijipanga kwa mkono wa kulia. Alichota, mapovu yakamwagika, akachota tena, kikombe kikiyumba mbele ya watu wote wale. Kisha, bila kufikiri, kama mtu anayeokoa kitu kisidondoke, akahamisha kikombe kushoto. Kikatulia. Akachota sawasawa hadi ukingoni, akainuka, akamnyoshea mama mkwe wake.

Wanawake wa Kirolirwe wakatazamana. Mikono ya Murekatete ilibaki mapajani. Gisubizo akakiona kikombe kiko wapi, akawa anataka kukirudisha, akamtazama mama yake apate lile neno alilolizoea.

Thacienne akasimama. "Munisamehe, Mama Murekatete," alisema. "Baba yake alichonga hii muvure na mukono ya kushoto. Alama zake tulizifunika juzi, ili musikose kinywaji. Sasa imebaki ile moja tu, na leo minawapa."

Murekatete alimtazama, akautazama ubavu mweupe wa muvure, kisha mkono uliokuwa bado umenyoshwa, haumwagi hata tone. Akautoa mkono wake wa kulia kupokea. Akaurudisha. Akatoa wa kushoto, akapokea, akanywa mpaka katikati.

"Iko kali," alisema, akamrudishia Gisubizo kikombe. "Jaza, umupe na baba mukwe wako."